Mbwa wa mchungaji si sentinele wa kufungwa mnyororo

Siku niliyotamka redioni maneno "mbwa wa mchungaji", simu ya studio haikukawia kulia. "Mwandishi, mchungaji yupi huyo? Wa kanisa gani?" Tulicheka wote, lakini msikilizaji yule hakukosea. Hapa kwetu Bukavu neno mchungaji limehamia kanisani. Yule wa ng'ombe, wa kule Kabare na Walungu, tunamjua kwa fimbo yake na koti lake la mvua. Mbwa wa kumsaidia kazi hatumjui. Mbwa tunaowajua ni wa aina mbili: mdogo wa mawindo anayefungwa kengele shingoni, na wa mjini anayefungwa mnyororo langoni.

Leo nataka kuandika juu ya mbwa wa tatu. Ameingia mjini kimya kimya, kupitia parseli za wageni wanaomaliza mikataba yao na kuacha nyuma meza, friji na mbwa mkubwa mwenye manyoya mengi. Familia inayompata inampokea kwa furaha bila kuuliza swali hata moja. Nalijua hilo vizuri kwa sababu familia mojawapo ni yetu, na mshauri aliyesema "mpokeeni" ni mimi.

Mjomba wangu anakaa Nguba. Wezi walikuwa wameingia kwake usiku mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya pili walimfunga mikono mbele ya watoto wake, wakachukua simu, televisheni na franga za biashara. Mtu aliyepitia hayo hana haja ya kueleza kwa nini anataka mbwa. Kwa hiyo jirani yake mgeni, aliyekuwa anarudi Ulaya, alipomwambia kwamba ana bouvier wa miaka mitatu na hawezi kusafiri naye, mjomba alinipigia simu. Nikaenda kumtazama. Nilikuta mnyama wa rangi ya moshi, kichwa kikubwa kama ndoo, macho yamefunikwa na nywele, ndevu zinachuruzika maji kwa sababu alikuwa ametoka kunywa. Nikasema: "Mjomba, mwizi akiona hiki kitu atarudi kwao bila kuaga." Huo ndio utafiti wote niliofanya. Mwandishi wa habari mzima.

Watoto walimpa jina siku ileile: Mandevu.

Mandevu alifungwa mnyororo mfupi chini ya mti wa avoka, karibu na lango. Mchana anafungwa, usiku anafunguliwa. Chakula ni bugali baridi, mara moja kwa siku. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, hivyo ndivyo tunavyofuga mbwa wote. Wiki za kwanza alikuwa analia kila mtu alipompita bila kumsalimu. Baadaye akaacha kulia, akaanza kuzunguka mti, akazunguka mpaka mnyororo ukachora mviringo kwenye udongo. Mvua za Bukavu mnazijua. Manyoya yake yalishika tope, tope likakauka, manyoya yakashikana kama mkeka, na chini ya mkeka huo kupe wakafanya kijiji chao. Funza wakaingia kwenye nyayo. Siku aliyoanza kumrukia kila anayepita, sisi tulifurahi. Tulisema: sasa ameanza kazi.

Jioni moja ya mwezi wa kumi binti wa jirani, mtoto wa miaka minane, alikuja kuchota maji kwenye bomba la mjomba kama alivyozoea. Siku hiyo mbwa alikuwa amefunguliwa mapema kuliko kawaida. Mtoto alipomwona, akakimbia na kidumu chake mkononi. Mandevu akamfuata, akamuuma nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino.

Kumbukeni mahali pale pa jeraha, nitarudi hapo. Kwanza niseme yaliyofuata, kwa sababu ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Koko ya mtoto alikuwa tayari na mafuta ya taa na majani ya kusaga. Nilimwomba kwa heshima aviweke pembeni. Jeraha la mbwa linaoshwa kwanza kwa maji mengi na sabuni, dakika kumi na tano kamili kwa saa, hata kama mtoto analia, ndipo anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa, kile ambacho hospitalini wanakiita rage, hakingoji. Mgonjwa akishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mara anakufa, na karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani walipewa na mbwa. Kabla ya dalili chanjo inaokoa. Baada ya dalili hakuna tena la kufanya.

Sasa swali la daktari: je, mbwa ana chanjo? Mjomba akanitazama, nami nikamtazama. Mgeni alikuwa ameacha karne ya mbwa, hilo tulilikumbuka, lakini hakuna aliyejua iko wapi. Tuliipata saa nne ya usiku, chini ya vitabu vya shule, kwenye sanduku la watoto. Chanjo ilikuwa bado inafaa kwa miezi miwili. Hata hivyo mtoto alianza sindano zake, kwa sababu karne peke yake si ngao. Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na dawa. Tuliipata mahali pengine, mjomba akalipa, akanuna. Mbwa alikaa siku kumi chini ya macho ya daktari wa mifugo. Mbwa mwenye kichaa aliyekwisha kuambukiza haishi muda huo akiwa mzima. Mandevu aliishi, akala, akazidi kunenepa. Mtoto alipona jeraha.

Majirani walikuwa na hukumu moja: auawe. Mjomba naye alikuwa amekubali. Mimi nilisikia aibu mara mbili, kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya mnyama, kwa kuwa wote wawili waliumizwa na ushauri wangu. Ndipo nilipofanya kazi ambayo ningeifanya siku ya kwanza. Nilimwandikia yaya yangu anayeishi Gent, kule Ubelgiji, ambako mbwa hawa ndiko kwao.

Yaya alinijibu kwa sauti kwenye WhatsApp, jumbe saba moja baada ya nyingine, akinigombeza kama wakati tulipokuwa watoto. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Alimuuma wapi?" Nikamwambia, juu ya kisigino. Akasema: "Basi alifanya kazi yake."

Bouvier ni neno la Kifaransa, maana yake mchunga ng'ombe. Waflama nao walikuwa wanamwita mbwa wa ng'ombe, na pia, kwa utani, ndevu chafu. Kwa hiyo watoto wa Nguba hawakuvumbua kitu. Wakulima wa Flandres hawakumfuga kwa ajili ya urembo. Alikuwa anapeleka ng'ombe malishoni na sokoni, anavuta mkokoteni wa maziwa, anazungusha chombo cha kutengenezea siagi. Dume ana urefu wa sentimita 62 hadi 68 begani na uzito wa kilo 35 hadi 40, yaani uzito wa kijana wa shule ya msingi aliyekula vizuri. Ng'ombe akitoroka kundi, mbwa anamfuata nyuma na kumgusa mguuni, pale chini ambapo teke haliwezi kumpata. Karne nzima ya uzazi imemfundisha hivyo. Mtoto anayekimbia, machoni pa mbwa ambaye hajaongozwa na mtu, ni ndama aliyetoroka.

Simtetei. Jino ni jino, na mtoto wa watu alilia. Nasema tu kwamba kile tulichokiita ukali wa sentinele kilikuwa kazi isiyo na bwana. Mbwa wa kuchunga hutazama uso wa mtu wake siku nzima kujua anataka nini. Ukimfunga chini ya mti, ukamnyima huo uso, hajui tena nani wa kundi na nani si wa kundi. Mlinzi wa namna hiyo hakulindi. Mwizi anayejua kazi yake atamtupia kipande cha nyama, na atakayeumwa ni mtoto mwenye kidumu.

Kuna jambo lingine yaya alinieleza ambalo sikulijua. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipita juu ya Flandres kama tinga, mashamba yakawa mahandaki, na mbwa hawa nusura waishe. Wakati uleule wazee wetu walikuwa wanabeba mizigo ya Force Publique kwenda Tabora, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Baada ya vita wafugaji walianza upya na mbwa wachache sana, na mmoja wao, Nic de Sottegem, aliyeonyeshwa Antwerp mwaka 1920, anahesabiwa kuwa babu wa karibu ukoo wote wa leo. Nilipomsomea mjomba habari hiyo alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Kumbe naye ni mtoto wa wakimbizi." Huku Kivu sentensi kama hiyo haihitaji maelezo.

Na kwa wale wanaosema shida ni umaskini wetu, kwamba tajiri angemfuga bila matatizo: mwisho wa mwaka 1984 Rais Reagan wa Marekani na mke wake walipata mtoto wa bouvier, wakamwita Lucky. Alikua haraka. Mwezi wa pili wa 1985, mbele ya wapiga picha na mbele ya Margaret Thatcher, mbwa alimvuta rais kwenye majani ya Ikulu mpaka rais akakaribia kukimbia. Kabla ya mwaka huo kwisha, Lucky alihamishiwa kwenye shamba la familia California, na Ikulu ikaletewa mbwa mdogo. Yaani nyumba yenye bustani kubwa, wafanyakazi na walinzi wenye silaha ilishindwa. Sisi tulidhani mita mbili za mnyororo zitatosha.

Nilipoeleza haya redioni, mama mmoja alipiga simu kutoka Kadutu. Hakupiga kelele. Aliuliza: "Mwanangu, huyo mbwa anakula nini? Kwa sababu wangu hapa jana wamelala na chai." Nilikaa kimya hewani, kitu ambacho mwalimu wetu wa uandishi wa habari alitukataza kabisa.

Sina jibu zuri kwa mama yule, na ninaogopa watu walio nalo. Mnyama wa kilo 40 hawezi kuishi kwa bugali peke yake. Anahitaji nyama au samaki, na katika mji huu nyama ni ya sikukuu kwa watu wengi. Kwa mjomba tulipatana na mchinjaji: mapafu, matumbo na vipande ambavyo havipati mnunuzi, vinachemshwa pamoja na unga na mboga, mara mbili kwa siku. Bado ni franga zinazotoka mfukoni. Anayenunua mbwa huyu ili apige naye picha mbele ya gari, huku sentinele wake wa kibinadamu hajalipwa miezi mitatu, huyo mama wa Kadutu amemjibu tayari. Kwangu mimi sheria ni nyepesi: kama hesabu ya chakula inaanza kugusa sahani ya watoto au mshahara wa mfanyakazi, kataa zawadi. Kukataa mapema kuna huruma kuliko kupokea na kufunga.

Lakini mbwa akishakuwa ndani ya parseli, hesabu inabadilika. Hawezi kurudishwa Flandres. Kumwachilia barabarani ni kumtupia jirani hatari yako. Kumuua kwa sababu tulimfuga vibaya, hapo nilikataa, na nikamwambia mjomba mbele ya bibi yake kwamba nitachangia.

Bibi ya mjomba alikuwa na neno lake: mbwa haingii ndani ya nyumba yake, akiingia yeye anatoka. Hatukubishana. Mandevu alihamia barza ya nyuma, juu ya gunia lililojazwa majani makavu, mahali anapoona mlango wa jikoni na watu wanaopita. Mnyororo uliondolewa. Fundi alijenga uzio wa mbao kati ya nyuma na bomba la maji, wenye mlango na kufuli, na funguo ziko kwa mtu mzima. Kazi ile ilimaliza siku moja na nusu. Tungeifanya tangu mwanzo, mtoto asingeumwa.

Manyoya ndiyo yaliyotushinda kwanza. Tulilazimika kuyakata kwa mkasi, kilo za tope na nywele, na chini yake ngozi ilikuwa na vidonda. Manyoya ya bouvier yana tabaka mbili, la juu gumu na la chini laini, na hilo la chini ndilo linaloshikana. Baridi ya Bukavu anaipenda, joto la Uvira nadhani lingemtesa. Sasa kila Jumamosi watoto wawili wanamchana kwa kitana cha chuma, wanatafuta kupe masikioni na katikati ya vidole, wanafuta ndevu. Alfajiri mtoto mkubwa wa mjomba anampeleka kwa kamba, kupanda na kushuka, kabla ya shule. Kijana yule zamani alikuwa anaamshwa kwa maji ya baridi, siku hizi anaamka mwenyewe. Baada ya kula mbwa hakimbizwi, kwa sababu tumbo la mbwa wakubwa linaweza kujaa hewa na kujipinda, na hapo anakufa ndani ya saa chache. Vitunguu hapewi, ni sumu kwake, na hilo linaondoa karibu kila mchuzi tunaoupika. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inavunjika kama sindano.

Jambo moja lilinichukiza. Mtu mmoja anayejiita mtaalamu wa mbwa alikuja kutaka kumkata masikio kwa wembe "ili atishe". Bei yake haikuwa kubwa, na mjomba alikuwa ameanza kutoa franga. Zamani kule Ulaya walikuwa wanawakata masikio na mkia. Leo kwao Ubelgiji yote mawili yamekatazwa, mkia tangu 2006. Kwa nini sisi tupokee desturi ambayo wenyewe wameitupa? Mwizi wa usiku hapimi masikio. Na mbwa aliyekatwa na watu anaokaa nao atawasogelea vipi kesho?

Usalama je? Hilo ndilo swali la mjomba, na ni swali la haki. Mandevu anabweka usiku, sauti nzito, kisha anakwenda kusimama chini ya dirisha la watoto. Hilo hakufundishwa na mtu. Sitasema kwamba amezuia wezi, kwa sababu tangu wakati ule hakuna aliyekuja, na mwandishi hawezi kutoa habari ya kitu ambacho hakikutokea. Nasema tu kwamba anayekaa na watoto mchana anajua usiku ni nani wa kumlinda. Mjomba ameongeza pia taa na kufuli, maana mbwa si ukuta.

Mamlaka za mji nazo zina sehemu yao. Kila mwaka tarehe 28 mwezi wa tisa dunia inaadhimisha siku ya kupambana na kichaa cha mbwa, nasi tunasoma tangazo redioni. Ningependa kuona siku hiyo mbwa wanapangwa mstari Kadutu, Bagira na Ibanda, wanapigwa sindano, wenye nao wanapewa karatasi. Kule Ubelgiji tangu 1998 mbwa lazima awe na chipu chini ya ngozi, na mwenye mbwa anajulikana. Sisi hatuhitaji kuanza na chipu. Daftari kwa kila mtaa lingetosha: mbwa huyu ni wa nani, alichanjwa lini. Siku mtoto akiumwa, watu wasipekue masanduku mpaka saa nne ya usiku.

Mjomba bado ananung'unika kila anapomlipa mchinjaji. Juzi alimwambia bibi yake kwamba mbwa huyu anakula kuliko shemeji, na shemeji alikuwa amekaa palepale. Jioni hiyohiyo nilimkuta kwenye barza, amevua viatu, mguu mmoja juu ya mgongo wa Mandevu, anasikiliza habari zangu.

Kwa jirani tulikwenda mara mbili kuomba msamaha, mara ya pili na kuku. Walitupokea vizuri. Binti yule tunasalimiana naye juu ya ukuta, na wakati mwingine anauliza Mandevu amekula nini. Lakini mpaka leo hajavuka lango letu. Maji anakuja kuchota kaka yake.